Jinsi ya kuchagua sehemu nzuri ya kwenda na kayaki siku moja kama ndo unaanza: mwongozo kamili

Wanaoanza kayaki wanakwama palepale kila siku. Mtu anaona picha ya maji ya bluu na milima nyuma, anaipenda, anapanga safari, anafika anakuta upepo umechachamaa, pa kushukia hapaeleweki, na safari ambayo ilikuwa iwe ya raha inageuka kupambana na maji mpaka mikono inakufa ganzi. Wengine wanaachana na kayaki moja kwa moja baada ya siku kama hiyo na hilo linaniuma, maana kayaki haikuwa na shida, shida ilikuwa sehemu.

Tatizo ni mpangilio. Wanaanza na mandhari alafu upepo wanaufikiria asubuhi ya safari. We geuza: anza na maji, upepo na pa kutokea, alafu mandhari utafute ndani ya kile kilichobaki. Na usiogope kwamba utabakiwa na sehemu mbaya, hatua ya 6 nitakueleza kwa nini sehemu salama ndo mara nyingi nzuri zaidi kuitazama ukiwa umekaa kwenye kayaki.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza kuchagua

Vya kupangia:

- Ramani ya setilaiti yenye kipimo cha umbali, Google Earth au Google Maps inatosha kabisa
- Utabiri wa upepo wa saa kwa saa, unaoonyesha mwelekeo na dharuba (upepo wa ghafla unaozidi wastani), sio ule unaosema tu "jua na mawingu"
- Jedwali la maji kupwa na kujaa kama ni bahari au hori (mkono wa bahari unaoingia nchi kavu)
- Saa ya machweo ya siku hiyo
- Mtu anayeyajua maji yale. Mvuvi, mwendesha boti, mlinzi wa eneo, yeyote anayeingia hapo kila wiki

Vya kwenda navyo majini: jaketi okozi linalokukaa vizuri, filimbi, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, maji ya kunywa, kofia, nguo za kubadili zikiwa zimefungwa, na sponji au kopo la kutolea maji. Kuhusu jaketi, soma lebo. Lililoandikwa newton 50 (newton ni kipimo cha nguvu ya jaketi kukuelesha) limekusudiwa mtu anayeogelea vizuri na yuko karibu na ukingo. Kama kuogelea kwako ni kwa kubahatisha chukua la newton 100. Na jaketi linavaliwa, halibebwi nyuma ya kiti, maana ukishapinduka kulivaa ndani ya maji ni kazi ngumu mno.

## Hatua ya 1: Jua kilomita zako

Mtu anayeanza kwenye maji tulivu anakwenda kama kilomita 3 mpaka 4 kwa saa. We piga hesabu na 3.

Safari ya siku moja haimaanishi kupiga kasia siku nzima. Kilomita 6 kwenda na kurudi, labda 8 kama una mwili wa mazoezi, zinatosha kabisa, hizo ni kama saa mbili hadi tatu za kazi na muda mwingine wote ni wa kupumzika, kupiga picha, kuogelea, kukaa. Mabega na mgongo wa chini ndo vinachoka kwanza na vinachoka ghafla, unajiona mzima kabisa alafu dakika kumi baadae huwezi kunyoosha kasia sawasawa.

Kwa hiyo kwenye ramani chora duara la kilomita 3 kutoka pa kuingilia. Chochote kilicho nje ya duara hilo kifute kwenye mawazo, hata kama ndo kile kisiwa cha kwenye picha.

## Hatua ya 2: Chagua aina ya maji

Kwa mpangilio, kuanzia yanayofaa zaidi:

1. Ziwa dogo au bwawa lenye kingo zinazofikika
2. Hori au ghuba iliyojificha nyuma ya rasi au visiwa
3. Mto mpana unaoenda polepole
4. Bahari ya wazi na ziwa kubwa: bado, subiri

Ziwa kubwa watu wanalidharau sana eti kwa sababu halina chumvi. Ziwa ambalo huoni ng'ambo yake linajenga mawimbi kama bahari, tena mafupi na ya karibu karibu yanayoingia ndani ya kayaki haraka, kwa hiyo liheshimu vilevile.

Mto unahitaji maelezo zaidi maana ndo unadanganya kuliko yote. Mito hupangwa kwa madaraja kuanzia I hadi VI, na kwa anayeanza ni daraja I tu, maji yanayotembea bila kuruka ruka. Alafu pima kasi mwenyewe: pima mita 10 kando ya mto, tupa kijiti katikati, hesabu sekunde. Kikimaliza mita 10 kwa sekunde 20 mkondo una kasi ya karibu kilomita 1.8 kwa saa, yaani ukirudi kinyume nguvu zako nusu zinaliwa na maji. Chini ya sekunde 20, usipange kwenda na kurudi kwenye mto huo, labda uwe na gari linakusubiri chini.

Kuna vitu viwili vya mtoni ambavyo naomba usivifanyie majaribio hata siku moja. Cha kwanza ni banio, ule ukuta mfupi unaokatisha mto. Ukiwa juu yake unaona mstari tu wa maji umenyooka, huoni kitu, kumbe chini maji yanajizungusha yanarudi yalikotoka na kumshikilia mtu asitoke, hata mwogeleaji hodari. Cha pili ni mti ulioangukia mtoni. Maji yanapita katikati ya matawi lakini wewe na kayaki hampiti, mnabanwa pale na mkondo unaendelea kusukuma. Kama ramani inaonyesha banio ndani ya sehemu yako, tafuta mto mwingine. Na kama juu ya mto kuna bwawa la umeme, ulizia ratiba yao ya kufungulia maji, maana yanaweza kupanda bila hata tone la mvua kunyesha.

Hatua hii imekamilika ukiwa na sehemu mbili au tatu zenye maji ya aina moja kati ya zile tatu za juu. Ukiwa nayo moja tu, rudi kwenye ramani.

## Hatua ya 3: Upepo, na hapa kaa kidogo

Kama utasoma hatua moja tu soma hii. Kinachoharibu safari nyingi za wanaoanza ni upepo kuliko kitu kingine chochote.

Mawimbi yanategemea vitu vitatu: nguvu ya upepo, muda ambao umevuma, na urefu wa maji ya wazi ambayo upepo umepita juu yake kabla haujakufikia. Hicho cha tatu unaweza kukipima ukiwa nyumbani. Fungua ramani, angalia upepo wa siku hiyo unatoka wapi, alafu pima kutoka pale utakapokuwa mpaka kwenye nchi kavu upande huo. Chini ya kilomita 2 ni vizuri. Kilomita 10 za maji matupu, upepo uleule utakuletea kitu tofauti kabisa.

Viwango vya kutumia:

- Chini ya kilomita 12 kwa saa: nenda
- Kilomita 12 mpaka 19: hapa povu jeupe linaanza kuonekana kwenye vichwa vya mawimbi. Ingia tu kama sehemu imejificha sana na unaenda ukiambaa na ukingo
- Kilomita 20 na kuendelea: baki nchi kavu

Angalia dharuba pia, sio wastani tu. Utabiri unaosema wastani ni 10 lakini dharuba ni 25, we hesabu 25, kwa sababu dharuba moja ndo inapindua kayaki. Na kama kayaki yako ni ile ya kujaza upepo shusha viwango vyote hivyo, ni nyepesi na imekaa juu ya maji kwa hiyo inasukumwa kirahisi mno.

Sasa mtego mkubwa ni upepo unaotoka nchi kavu kwenda majini. Ukiwa umesimama ufukweni maji ya mbele yako yametulia kama kioo kwa sababu miti na vilima vimekukinga, unaona leo ndo siku yenyewe. Unaingia, unaenda mita mia mbili, kinga inaisha, upepo unakushika mgongoni unakusukuma nje na mawimbi yanazidi kukua kadri unavyokwenda. Kurudi ni kupigana na upepo uliokuwa unakusaidia. Siku yenye upepo wa namna hiyo badilisha sehemu, nenda ng'ambo ya pili au kwenye maji madogo ambayo hata ukisukumwa utafika ukingoni.

Mambo mengine mawili kuhusu upepo. Karibu na bahari na maziwa makubwa siku za jua, nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji na upepo wa kutoka majini unaanza kupanda kuanzia saa 4 au 5 asubuhi na kufika kilele mchana. Ndo maana wapiga kasia wazoefu wanaingia saa 1 wakati wengine bado wanapakia gari. Pili, panga njia ili uanze kwa kwenda kinyume na upepo ukiwa na nguvu, urudi ukisukumwa. Ikigoma kwa sababu ya umbo la sehemu, basi siku hiyo sehemu hiyo haifai.

## Hatua ya 4: Maji kupwa na kujaa (ruka kama ni ziwa au bwawa)

Sehemu nyingi za bahari maji yanachukua kama saa sita na kidogo kutoka kupwa hadi kujaa, lakini hayaendi kwa kasi moja. Kuna hesabu ya sehemu kumi na mbili: saa ya kwanza maji yanasogea 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Yaani nusu ya maji yote yanapita kwenye saa mbili za katikati. Kama njia yako inapita kwenye mlango mwembamba wa hori, saa hizo mbili usiwepo hapo, kwa sababu maji mengi yanalazimishwa kupita pembamba na mkondo unaweza kukuzidi kasi.

Chagua siku za maji mafu, yaani karibu na nusu mwezi, tofauti ya kupwa na kujaa inakuwa ndogo na mikondo inapoa. Siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, waachie wenye uzoefu.

Kwenye hori kanuni nzuri ni hii, ingia ndani na maji yanayojaa, geuka yakiwa yamesimama, rudi mapema kabla kupwa hakujashika kasi. Usijikute karibu na mdomo wa hori maji yakiwa yanakupwa kwa nguvu maana uelekeo ni mmoja tu, baharini. Na upepo ukivuma kinyume na mkondo mawimbi yanasimama wima hata kama upepo wenyewe sio mkali.

Jambo ambalo ramani haikwambii ni tope. Sehemu uliyoingilia maji yakiwa yamejaa, saa nne baadae inaweza kuwa mita mia mbili za tope la magotini kati yako na gari. Tafuta picha za setilaiti za tarehe tofauti, zingine zitakuwa zimepigwa maji yakiwa chini, hapo utaona ukweli.

## Hatua ya 5: Pa kuingilia na pa kutokea

Pa kuingilia pazuri ni mchanga au changarawe yenye mteremko mdogo, mawimbi ya kuvunjika yasizidi kimo cha kifundo cha mguu, na umbali kutoka gari usiwe wa kuua. Kayaki nyingi za mtu mmoja zina kilo 20 mpaka 30, mita 50 zinabebeka na watu wawili, mita 400 zinakumaliza kabla hata hujaanza.

Pa kutokea ndo watu hawapafikirii. Kanuni yangu ni kila mita 500 za njia pawe na sehemu moja ambayo unaweza kutoka na kutembea kwa miguu mpaka barabarani au kwa watu. Jabali lililosimama halihesabiki. Mikoko mizito haihesabiki. Ukuta wa zege hauhesabiki, na mawimbi yanayogonga ukuta yanarudi na kufanya maji yachafuke kila upande.

Zitie alama kwenye ramani moja moja. Ukiona kwenye njia yako kuna kilomita nzima bila alama, hiyo njia ikate au igeuze.

## Hatua ya 6: Sasa tafuta uzuri

Ukiwa umekaa kwenye kayaki macho yako yako chini ya mita moja kutoka usawa wa maji. Upeo wako ni kama kilomita 3 tu. Ile picha iliyokuvutia ilipigwa na droni au kutoka kilimani, na we hutaiona hivyo hata siku moja. Katikati ya maji makubwa utaona mstari wa maji na mstari wa mbingu, basi, saa nzima.

Kilicho kizuri kutoka pale chini ni kilicho karibu. Matawi yanayoinamia maji, miamba yenye mistari, ndege wanaovua pembezoni, mkono mwembamba wa maji unaopinda usijue mbele kuna nini, kivuli cha msitu, samaki chini kama maji ni safi. Vyote hivyo viko ukingoni, na ukingoni ndo mahali salama kwa anayeanza. Hii ndo sababu nasema kwa moyo wote usione unajinyima ukichagua hori dogo badala ya ghuba kubwa ya kwenye picha.

Vya kutafuta kwenye ramani:

- Ukingo wenye pinda pinda nyingi. Ukingo ulionyooka unachosha
- Mikono ya pembeni isiyo na boti za injini
- Kitu kimoja cha kufikia katikati ya safari, kisiwa kilicho mita chache kutoka ukingoni, ufukwe mdogo, au mlango wa kijito
- Mwanga. Asubuhi jua linatoka mashariki, kwa hiyo ukingo wa magharibi ndo unaowaka rangi na wewe unautazama jua likiwa mgongoni. Ukiambaa na ukingo wa mashariki asubuhi utakuwa unautazama ukiwa kivulini na jua linakuchoma macho

Njia iwe ya kufuata ukingo mmoja kwenda na kurudi, ndani ya mita 50 mpaka 100 kutoka nchi kavu. Usikatize katikati. Najua kukatiza kunavutia, ng'ambo inaonekana karibu hapo tu, ila juu ya maji umbali unaonekana mfupi kuliko ulivyo.

Kama kuna ndege wameatamia kaa mbali nao, wakianza kupiga kelele na kuruka ujue umeshasogea mno.

## Hatua ya 7: Wanyama, magonjwa, baridi, ruhusa

Sehemu yenye mamba au viboko ifute, hakuna mjadala. Usikubali maneno ya "wako upande ule tu".

Nchi za joto, maji yaliyosimama yenye majani mengi pembezoni yanaweza kuwa na konokono wanaobeba kichocho. Ulizia kituo cha afya cha karibu, na uchague pa kuingilia pasipo na majani.

Maji ya baridi ni hatari hata kwa mtu mwenye nguvu. Yakiwa chini ya nyuzi 15 za Selsiasi, ukitumbukia mwili unashtuka, unavuta pumzi bila kutaka na ukiwa chini ya maji unavuta maji. Jua likiwa kali juu usidanganyike, vaa kwa kufuata baridi ya maji. Kama huna nguo za kufaa subiri msimu.

Ruhusa ni jambo fupi, hifadhi, mabwawa ya maji ya kunywa na fukwe za watu binafsi vina masharti yake, uliza kabla. Na angalia kama kuna njia ya boti za injini, ukiwa chini vile dereva wa boti anaweza asikuone kabisa.

## Hatua ya 8: Nenda ukaione kwa miguu

Hii watu wanairuka na ndo ingewaokoa. Nenda bila kayaki, saa ileile unayopanga kuwa majini. Simama pa kuingilia dakika kumi na tano. Angalia upepo unavyobadilika, boti zinapita wapi, watu wanapaki wapi, mtandao wa simu upo au haupo. Tembea ukague angalau pa kutokea pawili.

Alafu muulize yule anayeyajua maji maswali mawili: "Upepo huwa unaharibika saa ngapi hapa?" na "Wapi hapa usingempeleka mwanao?" Swali la pili linatoa majibu ambayo hakuna ramani inayo. Akikutajia sehemu iliyo ndani ya njia yako, badilisha njia, hata kama kwa macho yako inaonekana shwari.

## Hatua ya 9: Weka mipaka, alafu uamue asubuhi

Andika kabla ya kwenda, kwa sababu ukishafika ufukweni hamu itakushinda:

- Saa ya kugeuka. Tumia theluthi moja ya muda wako kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi inayobaki ni akiba. Saa ikifika unageuka hata kama kile kisiwa kimebaki mita mia
- Upepo wa kuahirisha, namba yenyewe
- Sehemu ya pili iliyokingwa upande tofauti, ili upepo ukigeuka usilazimishe ile ya kwanza
- Ngurumo moja tu ikisikika, toka majini, na usirudi mpaka zipite dakika 30 bila nyingine

Asubuhi angalia utabiri upya, ule wa jana umeshapitwa. Ukifika angalia maji kabla hujashusha kayaki. Povu jeupe ndani ya njia yako maana yake ni sehemu ya pili au nyumbani.

Ukishaamua kuingia tuma ujumbe kwa mtu mmoja aliyeko nchi kavu: picha ya ramani yenye njia, rangi ya kayaki na jaketi, mko wangapi, gari limepaki wapi, saa mnayotegemea kutoka. Mwambie pia saa ya kuanza kutafuta msaada kama hamjapiga simu, iwe saa moja baada ya ile ya kutoka, na namba ya waokoaji wa eneo lile mwachie yeye kabisa kwenye ujumbe huohuo ili asianze kuitafuta akiwa ameshachanganyikiwa.